Ile "bu" ya kwenye buhund ni nini hasa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kitanzania anayeishi Stavanger, Norwei, nalifupisha kidogo: "Jirani yetu mzee ana mbwa wa aina ya buhund, masikio yamesimama na mkia umejikunja mgongoni, mwanangu anampenda kweli. Mzee anasema bu ni shamba. Mwenzangu wa kazini, yeye katokea Lofoten, anasema hapana, bu ni kibanda, kama zile rorbu za wavuvi. Mtandaoni nako nimekuta wameandika 'mbwa wa kibanda cha mlimani', na wengine wanasema jina ni la tangu Waviking. Nani kasema kweli? Na kwa Kiswahili tungemwitaje, maana mwanangu kaniuliza nikakosa jibu."

Dada yangu, asante sana kwa swali hili. Nianze na jibu lenyewe alafu ndo nieleze: mzee wako ndo yupo karibu na ukweli. Bu ya kwenye buhund ni kaya ya mkulima, yaani makazi, shamba na mifugo vyote kwa pamoja, na kwa namna neno lilivyotumika huko vijijini uzito umeangukia zaidi kwenye mifugo. Kwahiyo buhund ni mbwa wa mifugo ya nyumbani. Mwenzako wa Lofoten naye hajasema uongo, rorbu ni kibanda kweli, ila bu ya rorbu ni neno lingine kabisa, yamekuja kufanana kwa sauti na kwa maandishi, na hapo ndo watu wengi wanapopotea, wakiwemo walioandika hayo uliyosoma mtandaoni.

Sasa twende taratibu.

Kinorwei kinapenda sana kuunganisha maneno, na ukishajua kanuni moja tu unaweza kuyafungua mengi: anayetawala ni neno la mwisho. Sisi tunaanza na mtawala, tunasema mbwa wa polisi, mwanasheria, mwanamaji. Wao wanaanza na polisi ndo aje mbwa, politihund. Kwao kila nomino ina jinsia, ya kiume, ya kike au ya tatu isiyo yoyote kati ya hizo, na hata jinsia ya neno zima inafuata la mwisho, hund ni ya kiume kwahiyo utasema en buhund, na yule mbwa mnayemjua ni buhunden, haijalishi neno la kwanza lilikuwa la jinsia gani lilipokuwa peke yake. Hili la jinsia naomba ulishike, tutalirudia, maana ndo limeficha ushahidi.

Kitu cha pili ni kwamba neno la kwanza halisemi lina uhusiano gani na la pili, msikilizaji anatakiwa ajue mwenyewe. Angalia mbwa wa Norwei tu. Elghund ni mbwa anayewinda elg, yule mnyama wa jamii ya kulungu mkubwa kuliko wote. Lundehund ni mbwa aliyekuwa akiingia kwenye mashimo ya miamba kukamata ndege wa baharini anayeitwa lunde, huko Værøy kisiwani Lofoten, na miguu yake ina vidole sita. Sledehund ni mbwa anayevuta sleji kwenye theluji, ndo mbwa waliomfikisha mpelelezi wa Kinorwei Roald Amundsen kwenye Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Gårdshund ni mbwa wa shambani, hapo neno la kwanza ni mahali anapokaa. Alafu kuna førerhund, mbwa anayemwongoza asiyeona, na hapo fører ni mwongozaji, yaani ni mbwa mwenyewe! Basi umeona, mara neno la kwanza ni windo, mara ni mzigo, mara mahali, mara ni kazi ya mbwa mwenyewe, na hakuna alama yoyote inayokwambia ni ipi. Hata sisi -a unganifu yetu haina tofauti kubwa, mbwa wa polisi ni wa polisi kwa kumilikiwa na kwa kazi, ila mbwa wa mtaani hakuna mtaa unaomfuga, na hakuna Mswahili anayechanganyikiwa kwasababu amekulia humo. Mgeni ndo anahangaika.

Kwahiyo ukiniuliza buhund maana yake nini, kamusi ya neno bu peke yake haitoshi. Unatakiwa kujua ni bu ipi, na ikiwa pamoja na hund inafanya kazi gani.

Hund nitaipitia haraka maana haina ugomvi. Ni mbwa, mbwa yeyote. Zamani kwa Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini, ilikuwa hundr, Wajerumani wanasema Hund, na ukirudi nyuma zaidi ni ndugu wa canis ya Kilatini, maana kwenye tawi la lugha za Kijerumani na Kinorwei ile k ya kale iligeuka h, ndo maana pembe ni cornu kwa Kilatini na horn kwa Kinorwei. Ila usiunganishe na hundre, mia moja, hayo yamefanana tu. Na kwa kutamka, ile d ya mwisho haisikiki, sema "bu-hunn", nguvu iwe kwenye bu, na u yao itamkwe midomo imechongoka kama unataka kusema i. Mwanao anayekulia huko atakurekebisha vizuri kuliko mimi. Alafu kuna mtu aliwahi kuniambia kwamba bu inafanana na mbwa wetu, kwamba labda kuna undugu. Hakuna. Mbwa ni neno la Kibantu la kale kabisa, mzizi wake ulikuwa kitu kama -bua, na kwenye buhund bu wala sio mbwa, mbwa ni ile hund. Imetokea tu.

Haya sasa, bu yenyewe.

Kwenye Kinorwei, hasa nynorsk (mojawapo ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei) na lahaja za vijijini, kuna bu mbili. Ya kwanza haina uke wala uume, ni ya jinsia ile ya tatu, unasema eit bu, na ikiwa maalumu ni buet. Hii imetoka kwenye neno la kale bú, nalo lilikuwa na maana ya kaya, shamba linalokaliwa, na mifugo iliyopo kwenye hilo shamba. Ya pili ni ya kike, unasema ei bu, ikiwa maalumu ni bua. Hii imetoka kwenye búð, ambalo ni kibanda, banda, hata duka dogo, ndugu yake kwa Kiingereza ni booth. Ile ð ya mwisho, inayosikika kama dh yetu ya dhahabu, ilikatika kwenye matamshi ya Norwei kama ilivyokatika kwenye maneno mengi, na ilipokatika búð ikabaki bu, ikagongana na mwenzake. Rorbu ni hii ya pili, ror inatokana na kupiga makasia, kwahiyo ni kibanda cha wavuvi waliokuja na mashua msimu wa samaki, kweli kabisa kama alivyosema mwenzako.

Ungekuwa unaongea neno moja moja jinsia ingekuonyesha ni bu ipi. Ila ndani ya neno la kuunganisha jinsia ya neno la kwanza inamezwa, nilikwambia ulishike hilo, en buhund inafuata hund tu na huwezi kuona kama nyuma yake palikuwa na eit bu au ei bu. Hapo mtu anafungua kamusi, anakuta bu ni kibanda, anafikiria zile nyumba ndogo za malisho milimani ambako mbwa huyu kweli alikuwa akipandishwa kiangazi, anaona imekaa sawa, anaandika "mbwa wa kibanda cha mlimani". Na picha ni nzuri, inauzika, inanakiliwa kila mahali. Mi sioni kama alikuwa na nia mbaya, ila hakuwauliza ndugu wa neno.

Maana neno lina ndugu, dada yangu, na ndo njia ninayoiamini mimi kuliko zote. Ukitaka kujua bu inafanya nini mbele ya neno lingine, tafuta maneno mengine yanayoanza na bu kwenye maisha yaleyale, ya ng'ombe na mbuzi na kondoo, uone wenyewe walimaanisha nini.

Buskap ni mifugo yote ya mtu, kundi zima. Waswidi nao wanasema boskap, maana ileile. Bufe pia ni mifugo, na ile fe nayo ni mifugo, kwahiyo ni kama wamesema mara mbili. Buferd ni safari ya kuhamisha mifugo kupanda kwenye malisho ya kiangazi milimani au kurudi bondeni, ferd ni safari. Budeie ni mwanamke aliyekuwa akikamua na kutengeneza siagi na jibini, anayekaa na mifugo huko juu kiangazi kizima, na neno hili lina utamu wake: deie zamani, deigja, inaonekana alikuwa mkandaji wa unga, mtumishi wa kike wa nyumbani, baadae akawa mtu wa maziwa, na kutoka kwa pacha wake wa Kiingereza cha kale Waingereza wakapata dairy yao. Sasa niambie, kwenye buskap, bufe, buferd, budeie, kibanda kiko wapi? Buferd haiwezi kuwa safari ya vibanda, vibanda havihami. Ni mifugo inayohama. Budeie ni binti wa mifugo, na mbwa aliyekuwa akimfuata nyuma kwenye hiyo buferd, akirudisha mbuzi waliopotea njia na kubweka akisikia mtu anakuja, ndo buhund. Yamekaa kwenye mstari mmoja.

Lakini sitaki nikuache ukidhani bu ni mifugo peke yake, maana kuna bumerke pia, alama ambayo mkulima alikuwa akichonga kwenye vifaa vyake au kuiweka kwenye hati badala ya sahihi. Hapo bu ni kaya, ni boma la fulani. Kwahiyo mzee wako akisema shamba anashika upande mmoja wa jiwe lilelile. Watu wa zamani hawakuwa wakitenganisha. Kaya bila mifugo isingepita majira ya baridi ya kule, na mifugo bila kaya isingekuwa na mtu wa kuikatia nyasi, basi neno moja lilibeba vyote.

Na hii sio ajabu kwetu. Ukienda Umasaini ukasikia boma la fulani limeisha kwa ukame, unajua waliokufa ni ng'ombe, fensi ya miiba ipo palepale. Kwa Waarabu neno māl ambalo sisi tumelipata kama mali, kwa Bedui ni ngamia na mifugo yake. Na ile fe niliyotaja kwenye bufe zamani ilikuwa fé, ikiwa na maana ya mifugo na pia mali na pesa, na ndani ya neno fjøs, banda la ng'ombe ambalo mwanao atakuwa amelisikia kwenye nyimbo za shule, wamejificha fé na hús, nyumba ya mifugo, wamesuguliwa na ndimi za watu karne na karne hadi hamna anayewaona tena. Buhund imepona kusuguliwa hivyo, labda kwasababu vipande vyake ni vifupi tayari.

Sasa bú yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kitenzi búa, kukaa, kuishi mahali, kutengeneza makazi. Mwenye kufanya hiyo búa aliitwa bóndi, mkaaji, yaani mkulima mwenye makazi yake, na mwenye nyumba alikuwa húsbóndi, neno ambalo Waviking waliohamia Uingereza waliliacha kule na leo kila Mwingereza analitumia kumwita mume. Jirani yako pia yumo, nabo kwa Kinorwei, zamani nábúi, mkaaji wa karibu. Kwahiyo kila siku ukimwita mzee nabo na mbwa wake buhund, unatamka mzizi uleule mara mbili.

Na kuna moja ambalo Mswahili analo mdomoni bila kujua. Waholanzi nao walikuwa na mzizi huohuo, kwao mkulima ni boer. Walipohamia kusini mwa Afrika jina likawafuata, wakaitwa Boer, na lilipotufikia sisi tukalipa sura yetu likawa kaburu, makaburu. Kuna waliofika hadi Uasin Gishu, Kenya, mwaka 1908 na mikokoteni yao ya maksai. Kaburu kwetu limebeba historia nzito na uchungu, na haliwezi kuusahau, lakini kwa asili tupu ya neno, buhund na kaburu wametoka tumbo moja, la kukaa kwenye ardhi na kulima. Ukizidi kurudi nyuma zaidi, maelfu ya miaka, wanaisimu wanaufikisha mzizi huo kwenye maana ya kuwa, kuota, kukua, na tawi lake la Kigiriki ndo lilizaa physis, maumbile, ambalo limetupa fizikia ya shuleni. Mi kila nikilifikiria hili nasisimka, mbwa wa jirani, mume wa Mwingereza, kaburu na mwalimu wa fizikia wote kwenye ukoo mmoja.

Kuna kidokezo kingine ambacho nakipenda, ile herufi u. Norwei ilikuwa chini ya Denmark kwa karne nyingi hadi 1814, na maandishi rasmi yote yalikuwa ya Kidenmaki. Kwa Kidenmaki neno hili ni bo, na mpaka leo kwenye maandishi rasmi ya Norwei utakuta bo: dødsbo ni mali aliyoacha marehemu, konkursbo ni mali ya kampuni iliyofilisika. Haya ni maneno ya mahakamani, ya karatasi. Lakini mbwa hakuitwa bohund, ameitwa buhund, kwa u ya watu wa kijijini. Katikati ya karne ya 19 mtaalamu wa lugha Ivar Aasen alizunguka nchi akikusanya lahaja hizi, akatoa sarufi yake 1848 na kamusi 1850, na kutoka humo ikajengwa nynorsk, na hiyo u ya bu ni moja ya sauti ambazo zingeweza kumezwa na maandishi ya Kidenmaki. Jina la mbwa huyu basi halikutungwa na karani wala chama, limetoka zizini.

Swali la Waviking linahitaji uangalifu kidogo. Watu wanapenda kutaja meli ya Gokstad, iliyochimbuliwa 1880 karibu na Sandefjord, kaburi la mtu mkubwa wa mwaka 900 hivi, alizikwa na farasi 12, mbwa kadhaa na hata tausi. Kwamba mbwa wa umbo hili, masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, wamekuwepo kaskazini tangu zamani, hilo sina shida nalo. Lakini mifupa haisemi iliitwaje. Vipande vyote viwili vya jina, bú na hundr, vilikuwepo wakati wa Waviking, hilo ni hakika, na Mviking angesikia buhund leo angelielewa bila kutafsiriwa. Ila jina kutumika kwa aina moja maalumu ya mbwa, mwenye vipimo na daftari la ukoo, hilo ni jambo la jana tu. Kwa karne nyingi buhund alikuwa mbwa yeyote wa kazi kwenye kaya ya mkulima, kama vile sisi tukisema mbwa wa kienyeji hatumaanishi kabila moja la mbwa.

Na hapo una bahati kuwa Stavanger, maana mabadiliko hayo yalianzia hapohapo kusini mwako, Jæren. Miaka ya 1920 Jon Sæland, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa kondoo na mbuzi, aliona mbwa hawa wa asili wanapotea, akaanza kuhamasisha wakulima walete mbwa wao kwenye maonyesho wakaguliwe na kuchaguliwa. Nimefurahi kila mara nikikumbuka kwamba aliyewaokoa alikuwa mtu wa kondoo, sio mtu wa mbwa wa mapambo, maana ndo bu yenyewe hiyo, mifugo kwanza. Chama cha buhund cha Norwei kikaundwa 1939. Leo vipimo vimeandikwa, dume ana sentimita 43 hadi 47 begani, rangi ni ya ngano au nyeusi, na neno ambalo lilikuwa la kazi limekuwa jina la ukoo.

Ukitaka ushahidi wa nje, angalia Iceland. Watu waliohama Norwei kwenda huko tangu karne ya 9 walienda na mbwa wa jamii hii, na hadi leo mbwa wao wa taifa wanamwita fjárhundur, fjár ikiwa ni ileile fé imenyambuliwa kuonyesha umilikaji, mbwa wa mifugo, kwa matumizi ya leo mbwa wa kondoo. Ndugu wawili waliotengana zaidi ya miaka elfu, mmoja anamwita mbwa wake kwa bú na mwingine kwa fé, na wote wanamaanisha kitu kilekile. Hapo kibanda cha mlimani kinazidi kukosa pa kukaa.

Naomba nikuongezee onyo moja kuhusu kutafsiri majina haya kipande kwa kipande, kwasababu elghund limeshaumia. Waingereza walilipokea wakaandika elkhound, kila kipande na pacha wake, na vyote viwili vikapotoka. Elk kwa Mmarekani ni mnyama mwingine, elg yeye anamwita moose. Hound kwa Mwingereza ni mbwa wa kuwinda tu, na mara nyingi anamfikiria yule anayefuata harufu kwa kundi, wakati hund ya Kinorwei ni mbwa yeyote. Na reinsdyr vilevile, yule mnyama ambaye Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, wanamfuga na zamani walimfunga sleji, Waingereza wakilisikia reindeer wanadhani ni la hatamu, kwasababu rein kwao ni hatamu na mnyama kweli anafungwa hatamu. Hapana, rein, zamani hreinn, ndo jina la mnyama mwenyewe, na dyr ni mnyama tu. Picha ikikaa vizuri kichwani inaua udadisi.

Kwahiyo kwa Kiswahili tumwiteje? Mbwa wa shamba inamfanya awe mlinzi wa mahindi. Mbwa wa mifugo ni sahihi kwa kazi, na ukiwa unamweleza mtu mzima haraka tumia hilo tu. Lakini nimetafuta neno ambalo ndani yake wanakaa watu, nyumba na mifugo kwa pamoja bila kutenganishwa, kama bú ilivyokuwa, na sisi tunalo. Ni boma. Boma la mfugaji lina nyumba za mama na watoto, lina zizi katikati, na ukisema boma la mzee fulani umesema familia yake na ng'ombe wake kwa pumzi moja. Boma halina undugu na bú, lina njia yake lenyewe, na msomi wa sarufi anaweza kunibishia kwamba pia tuna boma la mkoloni na boma la wilaya, sawa, lakini mfugaji wa Simanjiro au Kajiado hatabisha. Anaye mbwa wa namna hiyohiyo, analala mlangoni mwa zizi, asubuhi anatoka na watoto na mbuzi, akisikia fisi anaamsha wote.

Mwambie mwanao buhund ni mbwa wa boma. Na ukipata nafasi muulize mzee kama kwao waliwahi kuwa na budeie, bibi yake au shangazi, na walikuwa wanapandisha mifugo mlima gani kiangazi. Muulize kwa kutumia neno buferd, alafu uniandikie amekwambia nini, maana lahaja ya Jæren ina maneno ya mifugo ambayo ningependa sana kuyasikia kutoka kwa mtu aliyeyatumia.